Staji si kutafuta saini

Labda uko na mtoto anayemaliza masomo ya ujenzi, ya umeme au ya maji. Anakuambia: «Baba, ninatafuta staji.» Wewe unahesabu: miezi miwili ya kula na kulipa njia bila kuleta hata franka moja nyumbani. Na mwenzake aliyeenda kuchimba dhahabu Misisi au Kamituga amerudi na simu mpya. Basi unajiuliza: hii staji ina faida gani? Tutazame mfano wa Uvira.

Maji ya mji

Uvira inakunywa maji ya mto Mulongwe, yanayosafishwa na Regideso. Umeme ukikatika, robine zinakauka, na mama anabeba bidoni kwenda mtoni au ziwani. Watafiti walifuata jambo hili tangu 2009 hadi 2014. Waliona kwamba karibu robo ya wagonjwa waliofikiriwa kuwa na kolera walitokana na siku ambazo maji yalikosa au yalipunguka. Robine ikikauka, kitanda cha wagonjwa kinajaa.

Kwa sababu hiyo ilianzishwa kazi kubwa ya kutengeneza maji ya mji, kwa msaada wa Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Fondation Veolia. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ilifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na mitambo ya maji nayo iliharibika.

Sasa fikiri vizuri. Kampuni ikimaliza kazi, inapakia mashini zake na kwenda. Mto haungoji irudi. Usiku wa hatari tunahitaji mtu wa hapa hapa, anayejua tiyo inapita wapi chini ya barabara na vane gani inafungwa kwanza. Atajua namna gani, kama hakuwa pale siku tiyo zilipolazwa?

Angalia pia mtambo wa umeme wa Ruzizi wa kwanza: unafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wa pili ulimalizika 1989, chini ya SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi. Waliojenga walienda zamani. Tunawasha taa kwa sababu wengine walijifunza kuitunza.

Wewe kijana

Ukikubaliwa kwenye shantie, usikae kivulini ukingoja raporo isainiwe. Nunua kaye. Kila jioni andika: leo tulichimba urefu gani, tiyo ya upana gani, simenti ngapi kwa mchanga ngapi, na kwa nini. Chora mahali pa kila vane. Uwe pale wanapojaza tiyo maji na kuipima nguvu kabla ya kuifunika udongo, maana tiyo inayovuja ikishafunikwa itasumbua mji miaka mingi.

Uliza fundi mzee, hata kama hana diploma. Kuuliza si ujinga. Kama amekutuma kubeba tofali, beba, kisha muulize kwa nini ukuta huu ni mnene kuliko ule.

Lakini usiingie katika shimo refu lisilotegemezwa kwa mbao, hata mkubwa akikuharakisha. Ninyi wa machimbo mnajua udongo wenye mvua. Huko Kamituga, Septemba 2020, ulizika watu makumi kwa mara moja.

Ninyi wakubwa wa kazi

Mtoto wa staji hakuja kununua sukari ya chai yenu. Mpeni kazi moja, aifuate tangu mwanzo hadi mwisho. Na saini haiuzwi. Haiuzwi kwa pesa, na zaidi haiuzwi kwa mwili wa dada zetu. Binti akikataa, amefanya vema. Na nyumbani akisema, wazazi wamsikilize bila kumlaumu, kisha waende pamoja naye kwa wakuu wa masomo.

Ninyi wazazi

Pesa ya staji ihesabiwe tangu mwanzo wa mwaka, pamoja na minerval. Kama ni ngumu, ndugu walio karibu na shantie wampe mahali pa kulala. Hata sahani moja ya ugali na ndagala ni msaada.

Kuna mpango wa mtambo wa Ruzizi wa tatu, wa megawati 206, kwa nchi zile zile tatu. Kazi za namna hii hukawia: pesa, mvua, vita. Lakini siku watakapotafuta watu, wataona wengi wenye karatasi. Kijana atakayefungua kaye yake na kueleza kazi aliyoifanya kwa mkono wake, huyo hatasahaulika upesi.