Namugongo: Sikukuu Iliyojijengea Nyumba (Sehemu ya Pili)

Kila mwisho wa Mei, masika yanapoaga, waumini wa Mbarara na maeneo ya jirani, tangu Bwizibwera hadi Nakivale, huanza kuizungumzia safari ya Namugongo. Wengi hupanda gari. Wapo pia wanaokwenda kwa miguu, na kutoka Mbarara mjini hadi Kampala tu ni kilomita 270 hivi. Sehemu iliyopita ilihusu mashahidi wa Uganda wenyewe. Leo tulitazame jengo la Basilika yao.

Kwa kawaida kanisa hujengwa kwanza, sikukuu zikaja kulijaza. Namugongo tarehe ndiyo iliyotangulia. Tarehe 3 Juni 1886 shahidi Karoli Lwanga alichomwa moto pale, enzi za Kabaka Mwanga. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21 mnamo Oktoba 1964, na Basilika ilipozinduliwa mwaka 1975, siku iliyochaguliwa ilikuwa hiyohiyo ya 3 Juni.

Msanifu wake, Justus Dahinden, alikuwa Mswisi, lakini hakutuletea mnara wa Ulaya. Alichukua umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, ile ya msonge ambayo paa lake hushuka hadi karibu na ardhi, akalizungushia nguzo 22 za rangi ya shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare iko pale alipofia Lwanga. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora kuliko yote: anayeingia hahitaji kuelezwa kwa nini jengo liko hapa na si kwingine.

Hata hivyo, sikukuu yenyewe haienei humo ndani. Umati unaotoka Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo hukaa nje kwenye miteremko, na Misa husomwa katika banda lililojengwa katikati ya ziwa dogo lililochimbwa kando ya kanisa.

Liko jambo la kalenda ambalo mahujaji wengi hawalijui. Ile 3 Juni ya 1886 ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Sikukuu hiyo huhama kila mwaka kwa kuifuata Pasaka, na haiangukii 3 Juni isipokuwa Pasaka ikichelewa hadi 25 Aprili, ambayo ndiyo tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana. Ilitokea tena mwaka 1943. Itatokea mwaka 2038.

Sehemu ijayo: eneo la Waanglikana, jirani na hapo.