Kabla ya Kuweka Picha ya Mgonjwa Kwenye Ukurasa wa Mchango

Harambee imehamia kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, mchango wa matibabu au karo hauhitaji tena hema na viti vya kukodi. Familia ya Ruiru au Thika hufungua ukurasa kwenye jukwaa kama M-Changa, ikaweka namba ya Paybill, kisha ikatuma kiungo kwa jamaa, kwa wenzao wa kanisani, kwa chama na kwa majirani wa ploti. Mchangiaji akifungua, kinachomgonga macho kwanza ni picha, hata kabla ya kusoma kiasi kinachohitajika.

Nyingi za picha hizo zinafanana. Mtoto amelala na mirija puani. Mtu mwenye ulemavu amepigwa kutoka juu, akiinua macho kama anayeomba. Anayeziweka huwa na nia njema, tena ana haraka kwa sababu bili ya hospitali haingoji. Lakini mtoto huyo akipona atarudi darasani, na picha ile itakuwa ingali inazunguka katika makundi ya WhatsApp ya wazazi wa wenzake. Mchango hufungwa baada ya wiki sita, picha haifungwi. Matapeli nao huichukua, wakaibandika kwenye ombi la uongo lenye namba yao wenyewe.

Mjadala huu una Mkenya mwanzoni mwake. Oktoba 1984 mpigapicha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alirekodi hali ya waathiriwa wa njaa huko Korem, Ethiopia. BBC ilipozitangaza picha hizo dunia ilishtuka, misaada ikamiminika, na tamasha la Live Aid likafuata Julai 1985. Kazi ya Amin iliokoa maisha ya watu. Tatizo lilikuja baadaye, pale mtoto aliyekonda alipogeuzwa kuwa sura ya kawaida ya Afrika kwenye mabango ya kuomba pesa. Mwaka wa 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yalikubaliana kuhusu kanuni za picha: mtu aonyeshwe kwa heshima.

Hapa kwetu jambo hili si la adabu tu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Ridhaa yenyewe ni nini? Si kumuuliza mgonjwa “tukupige?” naye akatikisa kichwa akiwa na maumivu. Mwambie picha itawekwa wapi, nani ataiona na itakaa hadi lini. Mwonyeshe picha yenyewe kabla haijatumwa. Akibadili nia baadaye, sheria inamruhusu kuondoa ridhaa yake. Mtoto naye aulizwe, hata kama mzazi amekubali. Mtoto wa miaka tisa anajua vizuri kabisa asichotaka wenzake wakione. Ukipiga picha wadini, angalia pia kitanda cha pili, maana jirani yule hakuomba mchango wowote.

Je, picha ya heshima huleta pesa? Kwa maoni yetu, mchangiaji anataka kumjua mtu na kuamini kwamba ombi ni la kweli. Picha ya fundi akiwa kwenye karakana yake kabla ya kuugua, pamoja na maelezo wazi ya gharama, inampa yote mawili. Picha ya kidonda haimwambii hata jina.

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wengi hawalikumbuki. Shule ya wasioona ya Thika imekuwapo tangu 1946, na wahitimu wake wametapakaa nchi nzima, wakiwa na simu na akaunti za M-Pesa kama mtu mwingine yeyote. Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi ya skrini kwa sauti. Bango likiwa picha tupu, na namba ya Paybill imo ndani ya picha hiyo, programu mara nyingi haiisomi. Umemfungia mlango mchangiaji aliyekuwa tayari kutoa. Andika namba kama maandishi chini ya bango, na uongeze sentensi moja inayoeleza picha: “Mama amekaa mlangoni pa duka lake, anacheka.” Video nayo iwe na maandishi kwa ajili ya viziwi.

Hilo linaonyesha pia jinsi tulivyozoea kugawa nafasi. Kwenye mabango yetu mtoaji huwa mwanamume wa suti, na mwenye kiti cha magurudumu huwa mpokeaji. Ukumbini mambo ni tofauti: mwenye kiti cha magurudumu hutoa mia tano yake, mama mboga hutoa mia, kondakta hupitisha kikapu. Ukiandaa mchango wa darasa au kisima, wapige picha na hao.

Mkazi aliyekuta picha yake au ya mtoto wake imetumika bila ridhaa amwombe kwanza mwenye ukurasa aiondoe, na ahifadhi nakala ya ukurasa huo kama ushahidi. Akikataliwa, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria inapaswa kuyachunguza na kuyakamilisha ndani ya siku 90.