Bunduki ya upepo Nakuru: chagua springi laini

Anayetaka kununua bunduki ya upepo huuliza kwanza ina nguvu kiasi gani. Kwa mlenga shabaha wa Nakuru, hilo linafaa kuwa swali la mwisho. Mji huu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo huiathiri sana bunduki ya upepo ya springi, kwa kuwa haina baruti wala mtungi wa gesi. Hutegemea hewa inayoikuta pale ilipo, basi.

Ukiukunja mtutu kuelekea chini, wenzo ulio chini yake husukuma pistoni nyuma na kuibana springi, kisha ndoano ya kifyatulio huikamata pistoni hapo. Ukifyatua, springi huachia kwa kishindo, na pistoni hukimbia mbele ikiishindilia hewa ndani ya silinda, kama pampu ya baiskeli uliyoiziba mdomo kwa kidole. Hewa hupata joto kali, hupenya tundu dogo na kuisukuma risasi. Wakati huo bunduki yenyewe huwa imeanza kuruka nyuma, kisha mbele, na risasi bado imo mtutuni. Ndiyo sababu mtu hodari wa bunduki za baruti anaweza kuaibishwa na hii. Haitaki kukabwa. Ilaze juu ya kiganja kilicholegea, iache iruke inavyotaka, mradi kila mara iruke vilevile.

Sasa rudi kwenye mwinuko. Mgandamizo wa hewa wa Nakuru ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na wa Mombasa. Silinda ileile hujaa hewa haba zaidi, na hewa hiyo ndiyo pia mto unaoipokea pistoni isigonge mwisho wa silinda. Mto ukipungua, springi kali huigongesha pistoni, skrubu hulegea, darubini huhama, na matundu yaliyokuwa yamekusanyika karatasini yanatawanyika. Kule Molo, karibu mita 2,500, hali huzidi. Bunduki iliyorekebishwa shabaha pwani lazima irekebishwe upya huku juu. Risasi nyepesi mno nazo huongeza kishindo hicho, kwa sababu hutoka upesi kabla mto haujajaa.

Kwa hiyo, ninapotazama bunduki za Weihrauch, ambazo nazipenda kuliko za kiwanda kingine chochote cha Ujerumani, sianzi na ile kubwa. Hermann Weihrauch alianzisha kazi yake mwaka 1899 huko Zella, Thuringia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia eneo hilo lilibaki upande wa Wasovieti, na mwaka 1948 familia ikaanza upya Mellrichstadt, Bavaria. Walitengeneza vipuri vya baiskeli na bunduki za upepo, na herufi HW kwenye kila bunduki ni za jina la mwasisi. Miaka ya 1950 ilileta HW 35, pamoja na kifyatulio kiitwacho Rekord. Hicho kifyatulio ndicho kilichonifunga kwao. Kina hatua mbili: kidole husafiri kidogo, hukuta ukingo ulio wazi, kisha mguso mdogo tu humaliza kazi. Hukisii.

HW 80, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiyo iliyosifiwa kwa nguvu. Ina uzito wa kilo nne hivi, na katika kipenyo cha milimita 5.5 nguvu yake huweza kupita jouli 20. Ni chuma kizuri, lakini kwa Nakuru siipendekezi. HW 77 ni bora zaidi kwa usahihi, maana mtutu wake haukunjwi. Hukazwa kwa wenzo wa chini. Uzito wake, hata hivyo, humchosha mwanafunzi. HW 50 S inakaa katikati, na mtu mzima mwenye mazoezi hataijutia. Chaguo langu la kwanza ni HW 30 S ya milimita 4.5: nyepesi, springi yake ni laini, haigombani na mshikaji, na ina Rekord ileile.

Ukikuta bunduki kuukuu ya Kijerumani yenye herufi F ndani ya umbo la pembe tano, ujue ilitengenezwa isizidi jouli 7.5, kiwango ambacho chini yake sheria ya Ujerumani hulegeza masharti. Kwa karatasi iliyo mita 10, hizo zinatosha kabisa.

Vumbi la Nakuru ni adui wa maungio ya mtutu. Yafute kila baada ya mazoezi. Usitie mafuta ya injini ndani ya silinda: joto la hewa iliyobanwa huyalipua na kuharibu sili. Usifyatue bila risasi, na usiguse kifyatulio mtutu ukiwa umekunjwa, kwani utaruka juu na kupinda, au kukuvunja vidole.

Na tafadhali, ndege waache. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. Jouli chache zinatosha kumuua hua na kumpofusha mtoto wa jirani. Kabla hujalipa hata shilingi moja, nenda kwa Bodi ya Leseni za Silaha uulize masharti ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114; usimsikilize muuzaji anayekuambia hiki ni kitu cha kuchezea.

Ukishapata kibali, nunua HW 30 S, risasi za kichwa bapa zinazotoboa karatasi kwa tundu safi, na miwani ya kukinga macho. Weka ukuta imara nyuma ya karatasi, kisha ulenge kwa mita 10, umbali uleule ambao walenga shabaha wa bunduki ya upepo wamekuwa wakishindana katika Olimpiki tangu 1984.