Maoni Mafupi, Kazi Pevu

Mwanafunzi wa saikolojia anayeishi Sutton Coldfield hupanda treni moja tu hadi kituo cha University, Birmingham. Safari hiyo yatosha kusoma maoni mafupi ya jarida. Kuyahakiki ili kupata alama za kozi ni kazi nyingine.

Tutazame mfano. Mwaka 2010 jarida la Behavioral and Brain Sciences lilichapisha makala ya Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan, pamoja na maoni 28 ya wataalamu na jibu la waandishi. Hoja yao: saikolojia hutoa kanuni za binadamu wote kwa kupima zaidi watu wa Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo.

Mhakiki mvivu hufupisha na kusifu. Mhakiki makini huuliza: mtoa maoni anapinga dai lipi? Ushahidi wake ni upi? Waliopimwa ni akina nani? Je, waandishi wamemjibu?

Swali la tatu linatuhusu sana. Aliyelelewa Tanga na bibi, shangazi na majirani hushtuka haraka akisoma kwamba “mtoto” hulelewa na wazazi wawili tu. Mshtuko huo ni mwanzo mzuri wa hoja, ila haujawa ushahidi. Atafute utafiti unaoutetea, ndipo aandike. Mhadhiri hutoa alama kwa hoja iliyothibitishwa.