Kiti Kimoja, Wafalme Wawili

Mgeni akishuka kwenye basi Sumbawanga hachelewi kutaniwa kuhusu radi. Wenyeji husema jina lenyewe la mji, kwa Kifipa, ni "tupa uchawi", na Tanzania nzima ina vichekesho vyake kuhusu radi zinazotumwa kutoka Rukwa. Fundi wa kompyuta haulizi nani kaituma. Mvua zinapoanza kunguruma juu ya nyanda za Ufipa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, yeye anawaza umeme utakaokatika na seva itakayozimika huku ikiwa katikati ya kuandika.

Wasiwasi wake una sababu. Kwa miaka mingi mji huu ulivuta umeme wake kutoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa. Seva ikifa, kipuri nacho hakiko dukani mtaa wa pili: hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo hospitali, chuo au ofisi isiyotaka kusimamisha huduma hushauriwa kujenga klasta, yaani seva mbili au zaidi zinazofanya kazi kama moja, ili ikianguka hii, ile ishike.

Lakini data inakaa wapi? Kama kila seva ina diski zake tumboni, ikifa inazikwa na kumbukumbu zake. Ndiyo maana diski hutolewa nje, zikapangwa kwenye kabati lao, na kila seva ikaunganishwa na kabati hilo kwa waya. Hapo seva moja ikizimika, nyingine inaendelea na data ile ile. Hapo pia ndipo kazi ngumu inapoanza.

Chukua ghala la mahindi lenye makarani wawili na daftari moja. Daftari linasema gunia 400. Asubuhi kila karani anachungulia, anakariri 400, anarudi dirishani kwake. Wa kwanza anatoa gunia 100, anakwenda kuandika 300. Wa pili ametoa 50. Kichwani bado ana 400, basi anafuta aliyoyakuta na kuandika 350. Ghalani kuna 250. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea kutoa, na bado gunia 100 haziendani na karatasi.

Seva zina tabia ya makarani hao. Kila moja husoma diski mara moja, ikaweka nakala kwenye kumbukumbu yake ya muda ili isirudi diskini kila dakika. Hasara yake ni kubwa kuliko ya ghala, kwa sababu diski ina orodha yake ya ndani inayosema faili lipi limekaa wapi. Seva mbili za kawaida zikiandika juu ya orodha hiyo bila kusikilizana, huharibika si rekodi moja bali diski nzima.

Njia rahisi ya kukwepa balaa hilo ni kuipa diski mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja. Seva ya kwanza inashika, ya pili inasubiri pembeni. Ya kwanza ikianguka, ya pili inachukua. Ndivyo Microsoft ilivyofanya katika Windows NT mwaka 1997. Kampuni ya Digital ya Marekani ilikuwa imekwenda mbali zaidi tangu 1983 kwa mfumo wake wa VAXcluster: mashine zote ziliruhusiwa kusoma na kuandika, ila kila moja iombe kufuli kwanza. Wanaosoma wanaweza kuwa wengi. Anayetaka kuandika hupewa kufuli peke yake, na wenzake hutupa nakala zao za zamani. Hifadhidata za Oracle zinazotumia diski za pamoja bado zinaishi kwa kanuni hiyo. Ina gharama yake, maana kuombana kufuli ni maongezi, na maongezi yanakula muda. Seva mbili zinazogombea sehemu ileile ya data zinaweza kwenda polepole kuliko moja.

Yote hayo yanategemea seva kusikiana. Hutumiana ishara fupi kila baada ya muda mfupi, na mafundi huziita mapigo ya moyo. Mapigo yakikoma, seva ya pili inaamini mwenzake amekufa. Sasa itakuwaje kama aliyekufa ni waya tu? Mwenzake yu hai, anaandika, naye anaamini vilevile kwamba amebaki peke yake.

Ufipa ina simulizi inayolielewa jambo hili vizuri. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliiandika: mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda, akaacha kiti chake nyumbani. Wakaja wanawake wageni watatu, wakaomba kiti, mke wa mfalme akawapa. Mfalme aliporudi alikuta nchi ina wenyewe wengine. Wafipa walilimaliza kwa maafikiano: wageni wakapata utawala, Milansi ikabaki na heshima yake ya kimila. Diski haina uwezo wa maafikiano hayo.

Dawa ya wahandisi ni kura. Asiye na wingi wa kura haandiki, hata kama yu mzima kabisa. Ndiyo maana klasta ya seva mbili huhitaji kura ya tatu, ambayo inaweza kuwa sehemu ndogo ya diski yenyewe au mashine nyingine ndogo. Kisha mshindi humfungia nje aliyeshindwa kabla ya kugusa chochote: humkatia njia ya kwenda diskini, au humzimia umeme. Watu wa Linux huiita mbinu hii kwa kifupisho chenye maana ya "mpige mwenzako risasi ya kichwa". Ni lugha ya kikatili, lakini bila hatua hiyo klasta ni hatari kuliko seva moja yenye nakala rudufu nzuri. Ofisi ndogo isiyo na kura ya tatu ingefanya vyema kubaki na hiyo moja.

Diski za kabatini nazo zinaweza kufa. Tangu Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley waeleze mpango wa RAID mwaka 1988, data hutandazwa kwenye diski kadhaa ili moja ikiungua kazi isikome. Lakini RAID haijui kosa la binadamu. Karani akifuta rekodi za mwaka mzima, diski inatii, na seva zote zinaona pengo lilelile papo hapo. Nakala ya kila siku lazima ikae mahali pengine, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umerahisisha kuituma nje ya mkoa.

Ofisi yenye seva mbili na kabati moja la diski ichague Jumamosi moja kabla ya mvua za Novemba, ihifadhi nakala, kisha ichomoe waya wa mapigo ya moyo kwa makusudi. Seva zote mbili zikiendelea kuandika, izimwe moja siku hiyohiyo, isiwashwe mpaka kura ya tatu ipatikane.