Kasia la Chumbani Lataka Wenzi

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio dogo walilolifanya kwa vijana 12 wa timu ya chuo ya kupiga makasia. Kila kijana alivuta mashine ya ndani kwa dakika 45, safari nyingine akiwa peke yake, safari nyingine akiwa katika safu na wenzake, wote wakienda kwa mwendo mmoja. Alipomaliza alifungwa mkononi ule mkanda wa kupimia presha, ukajazwa upepo mpaka aseme unauma. Baada ya zoezi lolote mwili ulivumilia maumivu zaidi kuliko kawaida. Lakini walipovuta pamoja, uvumilivu ulipanda zaidi sana kuliko walipovuta mmoja mmoja, ingawa kazi iliyofanywa na misuli ilikuwa ile ile. Maelezo ya watafiti hao, Emma Cohen na wenzake, ni kwamba kwenda sambamba huufanya ubongo utoe kwa wingi endofini, kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu na kuleta raha.

Msomaji wa Lamu hatashangaa. Mabaharia wanaopandisha foromali ya jahazi hawavuti kimya. Mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na mvuto unakuja pale penye itikio. Wakati wa Maulidi, vijana wa matwari wa Msikiti wa Riyadha hujipanga safu wakainama na kuinuka kama mtu mmoja, na hakuna anayehesabu dakika.

Naanza hapo kwa makusudi. Mtu aliyenunua mashine ya kupiga makasia na kuiacha baada ya mwezi hujilaumu kwamba hana nia, au kwamba ni mvivu. Mimi nasadiki kwamba mara nyingi nia anayo, ila ameitenga na vitu viwili vilivyokuwa vikimfanya babu yake apige kasia kila siku: watu wa kupiga nao, na mahali pa kufika.

Visiwa vyetu vimebadilika upesi. Aliyekwenda kuvua kwa hori, akalisukuma kwa pondo kwenye maji madogo na kwa kasia kwenye mkondo, alifanya kazi ya moyo na mapafu bila kuiita mazoezi. Leo mashine ya boti inamvusha mtu kutoka uwanja wa ndege wa Manda hadi gati ya Lamu akiwa ameketi, na pikipiki zimeingia hata kwenye njia ambazo zamani zilikuwa za miguu na punda. Siwalaumu wenye boti wala wenye pikipiki. Mgonjwa wa Kizingitini anayewahi hospitali kwa injini ana haki ya kuishukuru. Lakini wali wa nazi, mahamri na halua havikupungua pale kazi ya mwili ilipopungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi makali, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Kwa mwenye presha, mazoezi ya moyo na mapafu yanayofanywa mfululizo yanaweza kushusha ile namba ya juu kwa kiasi cha pointi 5 hadi 8, tena bila kumzuia kuendelea na dawa alizoandikiwa.

Kupiga makasia nchi kavu si jambo jipya. Inasimuliwa kwamba Chabrias, jemadari wa Athens wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwafundisha wapiga makasia wageni ufuoni kabla ya kuwapandisha merikebuni. Mashine inayoonekana sana leo ilizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1981. Ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa mafundi wa makasia ya mashindano, walipigilia baiskeli kuukuu kwenye sakafu ya ghala lao, wakawa wanavuta mnyororo wake huku wameketi kwenye kiti kinachoteleza. Hadi leo ndivyo ilivyo: kiti juu ya reli, mpini uliofungwa kwenye mnyororo, na gurudumu lenye mapezi linalokata hewa. Haihitaji umeme wa ukutani. Saa yake hutumia betri, na umeme wetu ukipotea mazoezi hayasimami.

Wengi hudhani ni kazi ya mikono. Nguvu kubwa inatoka mapajani. Unaanza umekunja magoti, mikono imenyooka. Unasukuma kwa miguu kwanza, kisha mgongo unaegemea nyuma kidogo kutoka nyongani, mwisho mikono inaleta mpini chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono, mgongo, magoti. Anayeanza kwa kuvuta na mgongo uliopinda atapata maumivu ya kiuno kabla ya kupata afya, na hiyo ni sababu moja kubwa ya watu kuacha. Kile kilango cha hewa pembeni mwa gurudumu nacho huwapoteza watu. Wanaume hasa hukifungua hadi 10 wakidhani ndiyo ushujaa. Kiacheni kati ya 3 na 5. Mivuto 18 hadi 24 kwa dakika inatosha kabisa kwa anayeanza, na pumzi isizuiwe wakati wa kusukuma, maana kuzuia pumzi kunapandisha presha ghafla.

Uzuri wa hewa ni kwamba haimpi mtu mzigo asioutaka. Ukivuta pole inakubali, ukivuta kwa nguvu inakaza. Bibi wa miaka 65 na mjukuu wake wa 20 wanaweza kupokezana kiti kimoja bila kubadili chochote. Ila tabia hiyo ina hesabu yake, na ni hapo moyo wa watu unapovunjika. Nguvu inayotakiwa hupanda kwa mchemraba wa mwendo: ukitaka kwenda haraka kwa asilimia 10, lazima uongeze nguvu kwa karibu asilimia 33. Anayemaliza mita 500 kwa dakika 2 na sekunde 30 anatoa kama wati 104. Ili azimalize kwa dakika 2 kamili anahitaji kama wati 203, karibu mara mbili. Wiki za mwanzo sekunde hupungua kwa urahisi kwa sababu mtu anajifunza mtindo. Baadaye zinagoma, naye huona ameshindwa, kumbe anapanda mlima ambao kila hatua ni ndefu kuliko iliyotangulia.

Kwa hiyo msiifanye saa ya mashine kuwa hakimu. Vuteni kwa mwendo ule ule wiki baada ya wiki, kisha pimeni mapigo ya moyo na pumzi. Katika wiki za mwanzo maji ya damu huongezeka na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Baadaye mishipa midogo huongezeka ndani ya misuli. Mwendo uliokuwa ukikupigisha mapigo 150 kwa dakika utaanza kukudai machache. Hayo ndiyo maendeleo, hata kama sekunde hazikusogea.

Kipimo kingine hakitaki kifaa. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Wanasaikolojia wa mazoezi wameonyesha kwamba mtu akipita kiwango ambacho mazungumzo hukatika, raha hushuka karibu kwa kila mmoja, na anayekumbuka karaha harudi. Pia imeonekana kwamba zoezi linaloanza kwa nguvu zaidi na kulegezwa kuelekea mwisho hukumbukwa kuwa zuri kuliko linalomalizikia kwenye makali. Binafsi naona dakika 5 za mwisho zikiwa za polepole zina thamani kuliko video yoyote ya kumhimiza mtu.

Kuhusu mazoea, Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliochagua jambo moja jipya la kufanya kila siku. Kwa mtu wa katikati, jambo lilikuja lenyewe bila kulazimishwa baada ya siku 66, ingawa makadirio yalikuwa kati ya siku 18 na 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Jambo hili watu wetu wanalihitaji sana, kwa sababu kisiwani hakuna wiki isiyo na arusi, tanzia au mgeni wa bara. Umekosa Jumanne? Rudi Alhamisi. Kilichosaidia ni kuliambatanisha jambo jipya na la zamani lisilohama. Sisi tumejaliwa siku iliyogawika tayari: baada ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, au baada ya alasiri upepo unapoingia. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2002 uliwataka wanafunzi waandike siku, saa na mahali watakapofanya mazoezi. 91 kati ya 100 walifanya. Waliopewa maelezo tu kuhusu faida za mazoezi kwa moyo walikuwa chini ya 40 kati ya 100.

Mahali je? Nyumba za mawe za Mji wa Kale, uliotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa boriti za mikoko, na mara nyingi haufiki mita 3. Mashine ina urefu wa kama mita 2.4. Inalala vizuri kando ya ukuta wa msana, ukumbi unaoelekea kiwanda (ua wa ndani), penye kivuli na hewa itokayo huko. Kwa wanawake wengi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote: wanafanya mazoezi ndani ya nyumba yao, kwa mavazi wanayoyataka, bila macho ya wapita njia. Tatizo letu ni chumvi ya hewa ya bahari. Reli ifutwe kila baada ya zoezi, mnyororo utiwe mafuta mara nyingi kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema, na kamwe isiachwe kiwandani penye mvua.

Ramadhani ratiba ihame, isifutwe. Wengine huvuta pole dakika 15 karibu na magharibi, wafungue mara wamalizapo; wengine baada ya tarawehe wakiwa wameshakunywa maji. Mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze na daktari kwanza. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kushuka na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Narudi kwa wenzi, maana hapo ndipo ninapotaka msomaji akae. Miaka ya 1920 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Otto Köhler, aliwajaribu wanachama wa klabu ya kupiga makasia ya Berlin. Kila mmoja alinyanyua uzito mpaka akashindwa. Kisha wawili walishika uzito mmoja ulioongezwa mara mbili, kiasi kwamba mmoja akiacha, wa pili hawezi kuubeba. Aliyekuwa dhaifu kidogo alidumu kuliko alivyodumu peke yake. Faida ilikuwa kubwa pale tofauti kati yao ilipokuwa ya wastani. Ilipokuwa kubwa mno, ilipungua. Basi mwenzi wa kufanya naye mazoezi awe amekupita kidogo tu. Bingwa atakukatisha tamaa.

Pwani yetu ina bingwa wa kumtazama kwa heshima hata hivyo. Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa alipoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole katika ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka 2. Katika Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushindana katika kupiga makasia. Kwenye daraja lake kiti hakitelezi; mita 2,000 zote zinavutwa kwa mabega na mikono. Namtaja kwa wale wanaosema magoti yao mabovu yamewafungia mlango. Fundi au mwalimu wa mazoezi anaweza kukifunga kiti, na mtu akavuta kwa sehemu ya mwili aliyonayo.

Mashine moja inawatosha watu wanne wa nyumba mbili tatu zinazopakana. Mmoja anavuta, wa pili anahesabu mivuto kwa sauti, wengine wanaitikia, au kaswida inawekwa kwa mwendo unaolingana na mvuto. Halafu wekeni ramani ya visiwa ukutani na muipe kila mita mahali pa kwenda. Kutoka Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3: kwa mwendo wa dakika 2 na nusu kwa kila mita 500, ni robo saa. Dakika 20 kwa mwendo huo ni kilomita 4. Watu wanne wakivuta hivyo mara 3 kwa wiki wanapata kilomita 48, na Kiwayu iko kama kilomita 50 kutoka Lamu.