Dawa ya Minyoo ya Mbuzi Isimfikie Mtoto

 

Asubuhi moja mama alifika kliniki amembeba mtoto wa miaka 2. Mtoto anasinzia, mate yanamtoka, ukimsimamisha anapepesuka. Tulipouliza amekula nini, mama akatoa kwenye leso kichupa cha soda. Ndani mlikuwa na dawa ya minyoo ya mbuzi, iliyopunguzwa kutoka chupa kubwa ya jirani. "Sista, nilimpa kijiko kimoja tu. Mbuzi walipona."

Sikumgombeza. Dawa za minyoo za watu na za mifugo mara nyingine huwa na jina moja. Albendazoli tunayowapa watoto, mbuzi pia hunyweshwa. Tofauti iko kwenye kipimo, na dawa hupimwa kwa uzito.

Chukua dawa ya farasi. Farasi hapa Voi ni wa kutafuta, lakini mwaka 2021, wakati wa korona, watu kule Marekani walimeza ivermektini ya farasi hadi serikali yao ikawaonya hadharani. Bomba moja la dawa hiyo hutosha farasi wa kilo 560 hivi. Mwanao wa miaka 2 ana kama kilo 12! Hata ivermektini ya binadamu kwa kawaida haipewi mtoto asiyefika kilo 15. Ikizidi mwilini hupanda kwenye ubongo, ndipo unaona usingizi mzito, kupepesuka, degedege, hata kuzimia.

Ndiyo maana nchini Kenya dawa za watu husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na za mifugo zina wasimamizi wake. Duka la agrovet halimpimi mtoto.

Jambo lingine ni maziwa. Mbuzi au ng'ombe akinyweshwa dawa, lebo husema maziwa yasubiri siku ngapi, na dawa nyingine hazifai kabisa kwa mnyama anayekamuliwa. Sasa kichupa cha soda kina lebo gani? Nunua chupa yenye lebo, na uliza daktari wa mifugo.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 hupewa dawa ya minyoo kila miezi 6. Mlete zahanati, au wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba. Albendazoli ya miligramu 400 ni nusu kidonge kwa asiyefika miaka 2, kizima kwa aliyefika, na kwa mdogo tunakisaga asipaliwe.

Na kama ameshainywa ya mifugo? Usimtapishe. Usimpe maziwa ati yaue sumu. Mkimbize hospitali hata kama anacheza, na ubebe ile chupa. Yule mama alibeba kichupa kisicho na jina, ikabidi jirani apigiwe simu atusomee lebo huku mtoto akizidi kusinzia.